Gari la Safari Lirudishwe Katika Hali Ipi? Chuma, Barabara na Mafundi Chini ya Milima ya Upare

Kila anayefufua gari la zamani la mashindano hukutana mapema na swali moja: gari hili lilikuwaje mwanzoni? Ulaya, Marekani na Japani wamezoea kulijibu kwa karatasi za kiwandani. Kuna vitabu vya spea, namba za chasisi na za injini, misimbo ya rangi, hata aina ya kitambaa kilichovishwa viti. Gari likilingana na karatasi hizo huhesabiwa kuwa limerudi katika hali yake ya asili, na bei yake hupanda. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho hakitoshi kwa magari yaliyokimbia mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kati ya 1953 na 1973. Tena Same na milima ya Upare, ambako hakuna kiwanda cha magari wala jumba la kuyaonyesha, panafaa kuliko mahali pengi kutuonyesha kwa nini hakitoshi. Gari la Safari lilipata historia yake barabarani. Ukilisafisha hadi libaki na kile tu lilichotoka nacho kiwandani, unapata gari zuri la Kijapani au la Kijerumani, na sehemu iliyokuwa ya Afrika Mashariki unaitupa pamoja na vyuma chakavu vya gereji.

Tuanze na barabara yenyewe. Mji wa Same umekaa upande mkavu wa milima, kilomita kama 100 kusini-mashariki mwa Moshi. Nyuma yake Upare wa Kusini unapanda hadi kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, kwenye msitu wa Chome wenye ukungu na mvua. Mbele yake ni nyika inayoteremka kuelekea Mto Pangani. Wajerumani waliipitisha reli ya Tanga chini ya milima hii, ikafika Moshi mwaka 1911, na barabara kuu ikafuata ukanda huohuo: Korogwe, Mombo, Mkomazi, Hedaru, Makanya, Same, Mwanga, Himo. Upande wa mashariki wa milima ipo njia nyingine, ya udongo kwa miongo mingi, inayotoka Same kupitia Kisiwani, Gonja, Ndungu na Kihurio, kandokando ya pori lililotengwa kuwa hifadhi ya wanyama ya Mkomazi mwaka 1951. Kati ya hizo mbili zinapanda njia nyembamba za Mbaga, Mamba, Vudee na Chome, na kwa Upare wa Kaskazini zile za Usangi na Ugweno. Safari ilibadilisha njia mwaka hadi mwaka, lakini anayetoka Dar es Salaam au Tanga kwenda Moshi na Arusha hupita chini ya Upare. Ndivyo ukanda wa milima na nyika ulivyoamua. Na barabara za hapa zilikuwa na yale mambo mawili yaliyoifanya Safari iogopwe: ukanda mrefu wa vumbi unaomshawishi dereva kukanyaga mafuta, na mfinyanzi wa milimani unaoteleza mara masika inapokolea. Kwa miaka mingi mashindano yalifanyika Pasaka, yaani katikati ya mvua hizo, na waandaaji walichagua majira hayo wakijua wanachokifanya.

Safari ya kwanza iliondoka tarehe 27 Mei 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Miaka minane kabla ya hapo, mwaka 1945, maelfu ya Wapare walikuwa wamekusanyika Same, makao makuu ya wilaya yao, kupinga kodi ya mbiru, na walikaa pale kwa miezi. Nayaweka matukio haya pamoja kwa makusudi. Barabara ambazo magari ya sherehe yalizihitaji zilikuwa zimechimbwa na kufukiwa mashimo kwa jasho la watu waliotozwa kodi, na mtu anayeandika historia ya Safari akianza na injini pekee amekwisha kuacha nje nusu ya chombo. Gari na barabara vilikuwa mashine moja. Ndiyo maana idadi ya waliomaliza ilikuwa ndogo kiasi cha kushangaza. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena, na mara zote mbili walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, gari la aina hiyohiyo lilishinda likiwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiongozwa njia na Chris Rothwell. Peugeot 404 haikuwa gari la kifahari. Ilishinda kwa sababu springi zake ndefu na bodi yake ngumu zilivumilia mashimo ambayo magari yenye kasi zaidi hayakuyavumilia.

Katika miaka ya mwanzo, kipimo cha kiwandani kingekubalika bila ubishi. Waandaaji wa 1953 walitaka magari ya kawaida, yale ambayo mtu angeyakuta dukani Nairobi au Dar es Salaam, na waliyapanga katika makundi kwa bei yake ya kuuzia. Volkswagen iliyokimbia mwaka ule ilikuwa karibu sawa na Volkswagen ya mwalimu au daktari. Lakini hali hiyo haikudumu. Kufikia 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeanza maisha kama fundi makenika, alishinda pamoja na mdogo wake Jaswant katika Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikwisha kuitumia. Gari lilikuwa limechoka, likafunguliwa na kufungwa upya Nairobi, kisha likawaacha wa pili kwa zaidi ya saa nzima. Sasa tuulize: hali ya asili ya Volvo ile ni ipi? Ni ya siku ilipotoka kiwandani Sweden, au ya siku fundi wa Nairobi alipomaliza kuikaza boliti? Karatasi za kiwandani zitajibu la kwanza. Historia ya michezo ya magari itajibu la pili bila kusita, kwa kuwa bila kazi ya fundi yule hakuna anayeikumbuka Volvo hiyo.

Gari la michezo linaloonyesha jambo hili kwa ukamilifu zaidi ni Datsun 240Z. Lilikuwa na injini ya silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, na bodi ya chini yenye boneti ndefu iliyochorwa kwa ajili ya barabara kuu za Marekani, ambako ndiko yalikouzwa mengi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari nalo, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashika nafasi ya pili katika gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta na Lofty Drews walishinda wakiwa wamelingana pointi za adhabu na Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine, hivyo mshindi akapatikana kwa kanuni ya kutenganisha waliofungana. Lakini 240Z iliyokimbia Safari ilitofautiana sana na ile iliyouzwa dukani Los Angeles. Iliinuliwa juu zaidi ya ardhi, maungio ya bodi yakaongezewa ulehemu, chini ya injini likawekwa bamba zito la kukinga mawe, mbele zikaongezwa taa kubwa na vyuma vya kukinga wanyama. Na hata hiyo ilikuwa hali ya mstari wa kuanzia tu. Katika mwendo wa zaidi ya kilomita 5,000, wafanyakazi wa huduma walibadilisha shokapu, springi, breki, pengine giaboksi nzima, pembeni mwa barabara, usiku, kwa taa ya karabai au ya gari jingine. Gari lililovuka mstari wa mwisho lilikuwa na vyuma ambavyo halikuwa navyo lilipoondoka.

Kwa hiyo anayetaka kulirudisha gari la Safari katika hali yake ya asili ana angalau hali tatu za kuchagua: ya kiwandani, ya kuondokea na ya kufikia. Soko la minada hupenda ya pili, maana inang'aa na ina picha. Mimi naona ya tatu ndiyo yenye haki zaidi kihistoria, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa na nchi yenyewe. Bonyeo la mlango, bamba la chini lililokwaruzwa mpaka likawa jembamba, kulehemu kwa haraka kwenye mkono wa stelingi, hizo ni hati. Kuzifuta ni kama kusafisha mchanga kwenye kitabu kwa kukiosha maandishi yake. Ulimwengu wa magari ya kale wenyewe umeanza kulikubali wazo hili. Hati ya Torino, iliyopitishwa mwaka 2012 na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, inatofautisha kuhifadhi, kukarabati na kurudisha upya, na inatambua kwamba mabadiliko ambayo gari liliyapata katika maisha yake ya kazi ni sehemu ya historia yake. Mizizi ya hati hiyo iko katika Hati ya Venice ya 1964, iliyoandikwa kwa ajili ya majengo. Lililokubalika kwa kanisa la karne ya 12 haliwezi kukataliwa kwa chuma cha mwaka 1971.

Hata hivyo, hati hizo ziliandikwa na watu ambao magari yao, baada ya mashindano, yalirudi gereji kupumzika. Gari lililoshinda 1971 lilirudi Japani, na mwaka 2013 kikundi cha wafanyakazi wa kujitolea katika kituo cha ufundi cha Nissan huko Atsugi kililifufua likatembea tena. Historia yake ilikuwa imesimama mstari wa mwisho, kwa hiyo kazi yao ilikuwa na mpaka ulio wazi. Magari ya watu binafsi yaliyobaki Kenya, Uganda na Tanzania yalipata maisha ya pili, na hapa ndipo kipimo cha kigeni kinaposhindwa kabisa. Mwaka 1972 Safari ilianzia na kuishia Dar es Salaam. Hannu Mikkola na Gunnar Palm wakashinda katika Ford Escort RS1600, na Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuchukua ushindi. Mwaka mmoja baadaye mguu wa Tanzania ulikwisha. Kuanzia 1974 mashindano yalibaki Kenya peke yake. Mwaka huohuo wa 1974 uagizaji wa magari Tanzania uliwekwa chini ya Shirika la Magari la Taifa, bei ya mafuta ilikuwa imepaa, kisha zikaja kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kufungwa kwa mpaka wa Kenya mwaka 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni ziliadimika. Ikafika mahali magari ya binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili mafuta yabanwe. Spea halisi ikawa kitu cha kusikika.

Mafundi wa miji ya barabarani kama Same, Mombo na Korogwe walilazimika kufanya kazi ambayo hakuna kitabu cha kiwandani kilichoieleza. Gari lililoharibika kati ya Makanya na Mwanga halikuweza kungoja meli kutoka Marseille au Yokohama. Bushi zilichongwa kutoka matairi, gasketi zikakatwa kwenye karatasi ngumu, springi iliyokatika ikaungwa kwa jani la springi ya lori, injini ya aina moja ikawekwa kwenye chasisi ya aina nyingine kwa vikalio vilivyochomelewa papo hapo. Mashine ya gari, katika miaka ile, ilikuwa mkusanyiko wa chochote kilichopatikana na akili ya kukifanya kikubali. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakajaa barabarani. Ndipo magari ya zamani yakapoteza thamani yake ya mwisho, na baadaye wanunuzi wa chuma chakavu wakapita wilaya kwa wilaya wakikusanya chasisi zilizosimama uani. Hewa kavu ya Same ni rafiki mkubwa wa bodi ya chuma kuliko chumvi ya Tanga au Dar es Salaam; gari lililowekwa chini ya mti huko lingeweza kukaa miaka 30 bila kuoza sakafu. Kilichoyamaliza ni mizani ya mnunuzi wa chuma, si kutu.

FIVA inalihesabu gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, likitunzwa katika hali sahihi kihistoria, na lisipotumika kwa usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho linayaondoa magari ya kale ya Upare moja kwa moja. Land Rover za zamani zinazopanda Mamba Myamba na kushuka na magunia ya tangawizi zimetimiza umri, na nyingine zimeuzidi sana, lakini zinafanya kazi. Arusha ilipokusanya mamia ya Land Rover katika tamasha la Oktoba 2024, sehemu kubwa ya magari yaliyopangwa barabarani yalikuwa ya kazi, na madereva wake walirudi kazini wiki iliyofuata. Kuyaambia magari hayo kwamba yatakuwa na historia siku yatakapoacha kutembea ni kugeuza mambo juu chini. Gari la mashindano linalostahili heshima kwa kuishinda barabara mbaya kwa siku nne au tano lina ndugu anayeishinda barabara hiyohiyo kwa miaka 40, na mtu anayemfufua wa kwanza angefaa kujifunza kwa fundi wa huyu wa pili.

Upare una ushahidi wa zamani zaidi ambao napenda kuuleta hapa, kwa sababu unaonyesha kwamba suala la kitu kubaki chenyewe huku kikirekebishwa halikuletwa na magari. Ugweno, Upare wa Kaskazini, ulijulikana kwa chuma karne nyingi kabla ya reli. Mchanga mweusi wenye madini ulikusanywa kwenye vijito, ukayeyushwa katika tanuri kwa mkaa na mivukuto, na ukoo wa Washana ukawa na sifa ya uhunzi. Majembe na silaha za Ugweno zilivuka hadi Uchaga. Chuma kilikuwa ghali kwa nguvu na mkaa, hivyo jembe lililolika lilirudi kalibuni likawa kitu kidogo zaidi, halikutupwa. Chuma cha kuagizwa kilipoua uyeyushaji, mafundi wa moto walihamia kwenye vyuma vya wageni, na kama ilivyo kwa wahunzi wengi Afrika Mashariki, springi ya lori ikawa malighafi ya panga na kisu. Milima hiyohiyo ina ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mfereji usiku na kuyafungulia mashambani mchana. Ndiva hujaa matope, kingo zake hubomoka, na watu huitwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kuzoa na kujenga upya. Baadhi zimepigwa saruji katika miongo ya karibuni. Hakuna Mpare anayesema ndiva ya babu zake imekwisha kwa sababu ukingo wake una saruji. Lakini anayetaka kuelewa kazi ya mababu atahitaji kujua jiwe lao linaishia wapi na saruji inaanzia wapi, na hilo ndilo sharti ninalolidai kwa gari pia: badilisha unapolazimika, ila badiliko lisomeke.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba natukuza uhaba. Fundi wa mwaka 1982 hakuunga springi kwa kuwa alipenda. Angepewa spea halisi angeifunga kwa furaha, na kumwekea kazi yake ya shida katika kioo cha makumbusho ni kumpamba kwa umaskini ambao hakuuchagua. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo lazima uheshimiwe. Lakini sababu ya tendo haiondoi tendo kwenye historia. Watu wa Same waliopiga kambi mwaka 1945 nao hawakuichagua kodi ya mbiru, na hakuna anayedai tuisahau kambi yao kwa sababu hiyo. Tunachotaka kujua ni kwa akili gani mtu aliyebanwa alijinasua. Hapo lazima tutofautishe kazi na kazi. Kuna ulehemu unaoonyesha fundi aliyeuelewa mzigo unaobebwa na chuma, na kuna ulehemu wa kulipua uliofanywa mteja akiwa na haraka. Wa pili nautoa bila majuto. Wa kwanza nauacha, au nikiutoa kwa lazima naupiga picha, naupima na kuuhifadhi pamoja na gari. Mwenye kufufua gari asiyeweza kutofautisha hizo mbili hana budi kumwita fundi mwenye miaka mingi gerejini kabla hajashika spana.

Wengine watasema kwamba nikiacha karatasi za kiwandani naufungulia mlango udanganyifu. Mtu atachukua 240Z ya kawaida, aibonyeze milango kwa nyundo, aipake matope na kudai ilipita Usambara mwaka 1971. Udanganyifu huo unawezekana, ila kipimo cha kiwandani hakijauzuia. Kinyume chake, gari lililorudishwa kuwa jipya ndilo rahisi zaidi kughushi, maana kila kitu chake kinaweza kununuliwa. Alama za matumizi zikiunganishwa na picha za magazeti, daftari za usajili na kumbukumbu za waandaaji ni ngumu kubuniwa. Tazama mashindano ya Safari ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo mara kadhaa yameingia kaskazini mwa Tanzania. Björn Waldegård aliyashinda mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015, wote katika Porsche 911 zilizoandaliwa na karakana ya Tuthill ya Uingereza. Ni magari ya ajabu kwa uimara, na mashindano yale yanapendeza. Lakini ni magari yaliyojengwa upya kwa elimu ya leo, na Porsche haikuwahi kushinda Safari ya awali hata mara moja, ingawa ilishika nafasi ya pili zaidi ya mara moja. Anayeyatazama yakipita asidhani anaitazama 1972. Yanaonyesha tunavyotamani miaka ile ingekuwa.

Suala la usalama nalipitia upesi kwa sababu jibu lake ni rahisi. Mabomba ya breki, matairi na mikanda havina haki ya kuwa vya kale katika gari litakalotembea. Vibadilishwe, na cha zamani kiwekwe kwenye sanduku lenye tarehe na jina la gari.

Lakini yupo atakayeuliza: magari haya yalikuwa ya nani? Madereva wengi wa Safari walikuwa walowezi, wafanyabiashara wa Kiasia na, baadaye, wageni wa viwanda vya nje. Mwananchi wa kijijini alisimama kando ya njia akila vumbi. Kwa nini basi Same ijali kama 240Z moja ina bonyeo lake au haina? Jibu langu ni kwamba kipimo cha kiwandani ndicho kinachomwondoa mwananchi huyo kabisa. Kinaacha mchoraji wa Japani, fundi wa Japani na dereva aliyeshika usukani. Kipimo cha barabara kinawarudisha waliochimba barabara kwa msaragambo, waliosukuma magari yaliyokwama kwenye matope, waliochomelea na waliotumia gari hilo miaka 20 baada ya mbio kwisha. Na sheria zetu hazisaidii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mipaka yake ya ulinzi kwa vitu vya kabla ya 1863, na kwa baadhi ya vitu vya kiutamaduni kabla ya 1940. Gari lolote la Safari liko nje. Forodhani nako gari lililozidi miaka minane hutozwa gharama ya uchakavu, kwa hiyo Mtanzania anayetaka kulirudisha nyumbani gari lililopita hapa mwaka 1972 analipa kama aliyeleta gari bovu. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yanaonyesha magari ya viongozi wakuu, na yanastahili kuwepo. Gari la fundi halipo.

Yanayoweza kufanywa bila kungoja sheria ni mengi, na la haraka kuliko yote halihitaji gari. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka Safari ilipoondoka Dar es Salaam sasa amevuka 70. Kama alifanya kazi gerejini Same, Mwanga au Korogwe, anajua ni vyuma gani vilikubaliana, ni udongo gani ulikula breki upande wa Gonja, na jinsi springi ilivyotiwa moto kwa kukisia rangi yake. Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote cha spea. Njia ya kuikusanya ipo tayari, na ilijaribiwa milimani humuhumu: miaka ya 1960 mwanahistoria Isaria Kimambo alizunguka Upare akiwasikiliza wazee wa koo, akalinganisha masimulizi yao, na kutoka hapo akaandika historia ya kisiasa ya Wapare tangu karne ya 16, iliyochapwa mwaka 1969, wakati wasomi wengi wa nje walikuwa wakishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Maswali aliyowauliza wazee kuhusu Washana na watawala wa Ugweno yaliweza kuulizwa kwa sababu aliwahi kufika wangali hai. Anayefufua gari la Safari leo, awe Nairobi, Arusha au Uingereza, aanzie kwa mafundi hawa akiwa na kinasa sauti na daftari, awaonyeshe picha ya kila kiungo kabla hajakifungua, na majibu yao yaandikwe kwenye jalada lilelile linalobeba namba ya chasisi.